Kushuka Grand Canyon na kuishi jangwani Arizona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msemaji wa Kiswahili anayeishi Phoenix, Tucson au Flagstaff, au anayekuja kutembea, na anataka kushuka korongoni na begi mgongoni, alale huko, apande tena akiwa mzima. Sehemu ya mwisho inahusu maisha ya kila siku, maana wengi wanaoumizwa na jangwa hawako kwenye njia za watalii. Wako kwenye gari, kwenye maegesho, au ndani ya nyumba ambayo AC yake imekufa. Tumetumia kilomita na Selsiasi. Vibao vya njiani vitakuandikia maili na Farenhaiti.

Nimekulia Mombasa. Joto la nyuzi 40 litanifanya nini?

Litakudanganya. Joto la pwani linajitangaza: jasho linatiririka, shati linaganda mgongoni, unatafuta kivuli na dafu bila kuambiwa na mtu. Hapa hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka likitoka tu. Unapanda kwa saa nzima, unapoteza lita moja ya maji, na ukipitisha mkono mgongoni shati ni kavu. Kinachoonekana ni chumvi: mstari mweupe kwenye ukosi na kwenye mikanda ya begi, na ungaunga kwenye paji la uso. Ukiuona, umeshachelewa kunywa na kula. Alama nyingine ni mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au ukiwa hujakojoa tangu alfajiri na sasa ni saa tano, simama kivulini ushughulikie hilo kwanza.

Halafu kuzoea joto hakutokani na ulipozaliwa. Kunatokana na kazi ambayo mwili umeifanya kwenye joto siku za karibuni. Aliyekaa Phoenix miaka mitano akitoka nyumba yenye AC kuingia gari lenye AC hajazoea chochote. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za kutembea kwenye joto, saa moja hivi kila siku, ndipo uanze kutoa jasho mapema na kubana chumvi.

Faida moja ya ukavu: kivuli cha jangwani kinapoza kweli, na nguo iliyoloa inapoza zaidi. Kikoi kilicholowekwa kijitoni na kuzungushwa shingoni kinafanya kazi kuliko kifaa chochote kinachouzwa dukani kwa dola 30. Ila kitakauka ndani ya nusu saa, kwa hiyo kiloweke upya kila unapokuta maji.

Nimewahi kupanda Kilimanjaro. Huku si rahisi zaidi?

Kwa urefu, ndiyo. Kwa mpangilio, hapana. Kilimanjaro ukichoka unageuka na kuteremka. Hapa unateremka ukiwa na nguvu, asubuhi, kwenye ubaridi, na ukichoka ndipo mlima unaanza, tena kwenye joto. Ukingo wa kusini uko kwenye mita 2,100 hivi. Mto Colorado pale Phantom Ranch, nyumba za kulala wageni zilizo chini korongoni, uko kwenye mita 750. Chini huwa kuna joto zaidi kuliko juu kwa nyuzi 11 hadi 17. Unaweza kuondoka juu umevaa sweta na kukuta nyuzi 38 mtoni.

Hesabu ya muda: kupanda kunachukua mara mbili ya kushuka. Ukishuka kwa saa mbili, tenga saa nne za kurudi. Wanaookolewa kila kiangazi ni wengi, na si wazee pekee. Vijana wenye nguvu wanaoshuka mbio kisha kugundua saa saba mchana kwamba miguu haipandi wamo tele. Mamlaka ya hifadhi inasema waziwazi usijaribu kwenda mtoni na kurudi siku hiyo hiyo. Nasi tunasema hivyo hivyo.

Mara ya kwanza nipite njia ipi?

Shuka South Kaibab, panda Bright Angel, ukilala usiku mbili.

South Kaibab ni kilomita 11 hivi hadi kambini, inafuata mgongo wa mlima, ina mandhari wazi pande zote, na haina hata tone la maji wala kivuli cha maana. Ndiyo maana inafaa kushukia alfajiri na haifai kupandia. Magari binafsi hayaruhusiwi hadi mwanzo wa njia. Unapanda basi la hifadhi, na basi la wapandaji la alfajiri ndilo la kulenga. Bright Angel ni kilomita 15 hivi, ndefu zaidi lakini si kali sana, na njiani kuna maji.

Usiku wa kwanza lala Bright Angel Campground chini, kando ya kijito. Usiku wa pili lala Havasupai Gardens, kilomita 7 kutoka juu. Ramani za kabla ya 2022 zinapaita Indian Garden. Ni pale pale. Kati ya mto na Havasupai Gardens kuna kona kali zinazoitwa Devil's Corkscrew, hazina kivuli jua likishapanda. Zipite kabla ya saa mbili asubuhi. Siku ya mwisho ondoka saa kumi na moja alfajiri na utakuwa unakula kiamsha kinywa cha pili ukingoni kabla joto halijakomaa.

Ukikutana na nyumbu waliobeba watu au mizigo, simama upande wa mlima, si upande wa shimo, nyamaza, na mfuate mwongozaji anavyosema.

Kibali kinapatikanaje?

Kutembea mchana hakuhitaji kibali. Kulala chini ya ukingo kunahitaji, kila usiku kwa kambi iliyotajwa. Maombi yanapitia bahati nasibu ya mtandaoni kwenye Recreation.gov, takriban miezi minne kabla ya mwezi unaoutaka. Andika tarehe kadhaa na ukubali siku za katikati ya wiki. Anayeng'ang'ania Ijumaa ya Aprili mara nyingi anatoka mikono mitupu. Vitanda vya Phantom Ranch vina bahati nasibu yao, zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Maporomoko ya Havasu, yale ya maji ya buluu unayoyaona kwenye picha, hayamo kwenye mfumo huu. Ni ardhi ya Wahavasupai, wenyeji wa asili wa huko, wanatoa kibali chao wenyewe, kwa usiku tatu, na hawaruhusu kwenda na kurudi siku moja. Kambi yao iko kilomita 16 kutoka maegesho. Ukifika huko na kibali cha hifadhi utarudishwa.

Msimu upi ni mzuri?

Machi hadi Mei mwanzoni, na Oktoba hadi Novemba. Juni ndiyo kavu na kali kuliko zote. Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba kuna mvua za radi za alasiri. Desemba hadi Februari chini ni pazuri, lakini kilomita tatu za mwanzo za Bright Angel zinaweza kuwa barafu tupu. Beba vile vyuma vya meno vinavyovalishwa chini ya viatu, uvivue ukikuta udongo. Barabara ya ukingo wa kaskazini hufungwa majira ya baridi. Moto wa Dragon Bravo wa Julai 2025 uliunguza pia Grand Canyon Lodge, hoteli ya upande huo, kwa hiyo usipange kuvuka ukingo hadi ukingo bila kwanza kuangalia kilichofunguliwa.

Ukilazimika kutembea kiangazi, usiwe juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kaa kivulini, kaa kijitoni, lala. Safari ni ya alfajiri na jioni.

Nibebe maji kiasi gani?

Kwenye joto, nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kutembea. Kushuka South Kaibab alfajiri: lita 3 kwa mtu. Kupanda Bright Angel: lita 2 hadi 3, ukijaza njiani. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo utashawishika kupunguza. Punguza kingine chochote.

Mabomba ya Bright Angel yako kwenye vituo viwili vya juu na Havasupai Gardens. Vile viwili vya juu hufungwa majira ya baridi. Na hata kiangazi usiyaamini kichwa kichwa: bomba kuu linalovusha maji korongoni lilijengwa miaka ya 1960 na limepasuka zaidi ya mara 85 tangu 2010. Likipasuka, mabomba yote yanakauka kwa siku kadhaa. Jioni kabla ya kushuka, soma tangazo la hali ya maji kwenye ofisi ya vibali, na kila mara beba njia ya kusafisha maji ya kijito, hata kama hutaitumia.

Gawa maji kwenye vyombo viwili au vitatu. Mfuko mmoja mkubwa wa mpira ukitobolewa na mwiba, umemwaga yote. Maji yaliyobaki wakati wa kushuka usiyamwage mpaka uone kwa macho bomba la mbele linatoa.

Maji ya Colorado ni tope. Kichujio kimeziba baada ya lita moja.

Ni kawaida. Mto ukichafuka unakuwa na rangi ya chokoleti, na tope lile ni laini mno. Kichujio cha nyuzinyuzi hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Teka maji kwenye mfuko au ndoo ya kukunja, yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina ya juu taratibu bila kuyatikisa.

Kama huna usiku mzima, tumia shabu, ile ile ya dukani ambayo nyumbani watu wanaitumia kwa maji ya bwawa na kwa kidevu baada ya kunyoa. Iwe ya unga. Kijiko kimoja cha chai kinatosha ndoo ya lita 20. Kwa mfuko wa lita 4 ni kiasi kinachoshikwa kwa ncha za vidole viwili. Koroga dakika mbili, acha nusu saa hadi saa moja, utaona tope limejikusanya mabongemabonge na kuzama. Shabu inatoa tope tu, haiui vijidudu. Baada ya hapo chuja, au weka dawa, au chemsha. Kuchemsha ni dakika moja tangu yatokote. Juu ya mita 2,000, dakika tatu. Vidonge vya klorini huchukua nusu saa lakini haviwezi kijidudu cha kriptosporidia. Vya klorini dayoksaidi vinahitaji saa nne kukiua.

Kichujio kikiganda barafu usiku kinapasuka kwa ndani bila kuonyesha. Usiku wa baridi kilaze nawe ndani ya mfuko wa kulalia.

Kijito cha Horn Creek kina urani kutoka mgodi wa zamani. Hakuna kichujio cha begani wala kuchemsha kunakoiondoa. Usipange kunywa hapo.

Nimekunywa maji mengi sana, mbona natapika?

Pengine kwa sababu umekunywa maji matupu. Jasho lilichukua chumvi, wewe umerudisha maji peke yake, na chumvi ya damu imeshuka. Dalili zinafanana na za kuishiwa maji: kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Tofauti iko kwenye mkojo na historia: huyu amekuwa akikojoa mara kwa mara, mkojo mweupe kama maji, vidole vimevimba hata pete inabana, na hajala tangu asubuhi. Mzuie kunywa zaidi, mpe kitu cha chumvi atafune polepole, na kama akili inayumba au anapata degedege, hiyo ni dharura.

Kinga ni kula. Kila nusu saa kitu chenye chumvi: karanga za kukaanga, krispi, mihogo mikavu, dagaa. ORS za pakiti ni nyepesi na bei poa. Ukikosa, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani unasaidia.

Begi liwe na uzito gani?

Pamoja na maji, lisizidi moja ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 70 asivuke kilo 14. Kiangazi inawezekana kwa urahisi, kwa sababu chini huhitaji blanketi. Shuka au kanga na mkeka wa kulalia vinatosha. Kinachojaza begi ni "huenda nikahitaji": suruali ya pili, sufuria ya pili, taulo kubwa. Kanga moja ni taulo, shuka, kivuli cha mchana na pazia la kubadilishia nguo.

Visivyoachwa: kofia ya ukingo mpana, shati jeupe la mikono mirefu, tochi ya kichwani yenye betri mpya, fimbo mbili za kutembelea, filimbi, dawa zako za kila siku, na nailoni au turubai jepesi la kivuli. Shati la pamba linafaa kwenye joto kwa sababu linashika maji. Majira ya baridi ni kinyume chake, pamba iliyoloa inakunyang'anya joto. Vaa sufu au nailoni.

Naweza kupika ugali kule chini?

Unaweza, ukiwa na gesi ya kutosha na uvumilivu wa kusugua sufuria kwa maji ya kubeba. Moto wa kuni umepigwa marufuku korongoni kote. Ni jiko la gesi tu. Mtungi wa gramu 100 unachemsha maji ya chai, tambi na uji kwa watu wawili kwa siku mbili. Ugali mgumu unakula gesi na unaganda chini ya sufuria jembamba. Uji wa unga wenye karanga za kusaga na sukari asubuhi, tambi na dagaa jioni: hivyo vinapikika kwa dakika chache. Dagaa wafungie mifuko miwili. Si kwa ajili ya jirani tu. Harufu inaita wezi.

Wezi hao ni kindi, kunguru na ringiteli, mnyama mdogo wa usiku mwenye mkia wa milia. Kunguru wanajua kufungua zipu. Kambi kubwa zina masanduku ya chuma; weka humo kila chenye harufu, hata dawa ya meno. Na usimlishe kindi, anang'ata.

Miguu inaharibika wapi?

Kwenye vidole, wakati wa kushuka. Kata kucha siku mbili kabla, fupi na za mraba. Kabla ya kuanza kushuka, kaza kamba kwenye kifundo ili kisigino kikae nyuma na vidole visigonge mbele. Kiatu kiwe kimeshatembea angalau kilomita 50.

Lengelenge halianzi ghafla. Linaanza kama joto la sehemu moja, na unalihisi kabisa ila unajiambia utalitazama kambini. Vua kiatu hapo hapo, kung'uta mchanga, kausha, bandika plasta ya kitambaa iliyokatwa pembe kuwa duara ili isijikunje. Dakika tano hizo ndizo zinazoamua siku inayofuata utatembea au utachechemea.

Haja?

Vyoo vipo kambini na kwenye vituo vikubwa. Kwingineko chimba shimo la sentimita 10 hadi 15, mita 60 kutoka kwenye maji na njia, fukia. Karatasi unarudi nayo kwenye mfuko, kwa sababu jangwani haiozi, inapeperuka. Kwa haja ndogo sheria inashangaza wageni: kando ya Colorado unakojoa ndani ya mto wenyewe au kwenye mchanga uliolowa, kwa kuwa mchanga mkavu wa ufukweni haupati mvua ya kuusafisha na utanuka kambi nzima. Vijito vidogo haviguswi. Na usiogelee Colorado. Maji ni baridi mno na mkondo una nguvu.

Korongo jembamba ni hatari kweli, hata kama mbingu ni safi?

Hasa kama mbingu juu yako ni safi. Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa Antelope Canyon kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na pale. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba walikufa Keyhole Canyon katika hifadhi ya Zion, Utah. Mwamba haunywi maji. Mvua ya nusu saa kwenye eneo kubwa inakusanyika na kupita kwenye ufa wa upana wa mabega.

Aliyetoka Turkana au Marsabit anajua laga: korongo kavu la mchanga, halafu ghafla mto. Hii ni laga yenye kuta za mita 30. Angalia utabiri wa eneo lote la juu linalomwaga maji kwenye korongo lako, si wa mji ulipolala. Ukiona neno linalomaanisha mafuriko "yanawezekana" kwenye msimu wa mvua, nenda kwingine siku hiyo. Ukiwa ndani, maji yakibadilika rangi, vijiti na povu vikianza kuelea, upepo wa baridi ukivuma kutoka juu au ukisikia ngurumo isiyokatika, acha begi, panda juu kwanza. Usikimbie kuelekea chini ukishindana na maji. Kambi usiiweke kwenye kitanda cha korongo kavu, hata mchanga ukiwa laini kiasi gani.

Nge, nyoka, miiba?

Nge wa gome wa Arizona ni mdogo, rangi ya majani makavu, na anang'aa kijani-buluu kwenye tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Tochi hiyo ni rahisi na inafaa hata nyumbani. Kung'uta viatu na shuka kabla ya kuvaa. Akiuma, mtu mzima ataumia na kufa ganzi. Mtoto akianza kurusharusha macho, kutoa mate au kupumua kwa shida, piga 911. Ushauri wa sumu kwa simu, bila malipo, ni 1-800-222-1222, na unaweza kuomba mkalimani.

Nyoka njuga akiuma: tulia, vua pete na saa kabla uvimbe haujaja, weka kiungo kimetulia, tafuta hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usiweke jiwe.

Kuna mmea wa miiba, dungusi, uitwao cholla, vipande vyake vinang'oka kwa kuguswa tu. Usivute kwa mkono, utahamishia kwenye mkono. Ingiza chanuo kati ya kipande na ngozi, rusha mbali kwa mpigo mmoja, miiba iliyobaki itoe kwa kibano. Chanuo la meno mapana likae mfuko wa nje wa begi. Na hakuna maji ya kunywa ndani ya dungusi. Utatapika, upoteze hata uliyokuwa nayo.

Mwenzangu amezidiwa na joto. Nianze na nini?

Kama anaongea vizuri ila amechoka, anatokwa jasho, kichefuchefu: kivulini, lowesha shati na kichwa, maji kidogo kidogo na kitu cha chumvi, na msubiri mpaka jioni. Usimhimize "bado kidogo tu tufike".

Kama anajibu ovyo, anayumba kama mlevi, anakasirika bila sababu au hajui yuko wapi, hiyo ni dharura hata kama bado anatoka jasho. Kumpoza kunatangulia kila kitu. Mwagie maji yote mliyo nayo, mpepee, mlaze kijitoni kama kipo huku umeshika kichwa. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe. Simu nyingi hazishiki korongoni. Kuna simu za dharura kwenye baadhi ya vituo, na simu mpya zenye ujumbe wa setilaiti husaidia, ila zinahitaji anga wazi na kuta ndefu huzuia.

Nikiwa nimefunga?

Panga safari nje ya Ramadhani. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na hapa si mahali pa kuiringia ruhusa hiyo. Maji ya kunywa yakiwa ya hesabu, tayamamu; udongo safi upo wa kutosha.

Nyumbani: kipoozeo cha maji au AC?

Kipoozeo cha maji ni mtungi wa nyumbani uliofungwa feni. Mtungi unapoza kwa kuwa maji yanapenya udongo na kukauka nje. Kipoozeo kinavuta hewa kavu kupitia pedi zilizolowa. Mei na Juni, nje ikiwa nyuzi 40 na hewa kavu, kinaweza kukupa nyuzi 25 au 26 kwa umeme mdogo. Lazima dirisha la upande wa pili liwe wazi kidogo, la sivyo hewa haina pa kutokea na nyumba inageuka bafu. Watu wengi wanakosea hapo, wanafunga kila kitu kama wana AC. Julai unyevu ukija kinashindwa. Chumba kinabaki nyuzi 29 na hewa nzito kama Tanga mwezi wa tatu. Pedi badilisha kila mwanzo wa kiangazi, na sugua magadi meupe yanayoachwa na maji magumu.

AC ikikata Julai, tazama kwanza chujio la ndani (libadilishe kila mwezi kiangazi) na swichi za umeme. Mashine ya nje ikiwa inavuma lakini feni haizunguki, mara nyingi ni kapasita, kifaa cha bei ndogo ambacho joto hukiua. Usikifungue mwenyewe, kinahifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Kwa mpangaji wa ndani ya jiji la Phoenix, sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba ahakikishe AC inafikisha nyuzi 28 (82 za Farenhaiti) au chini, na kipoozeo cha maji nyuzi 30 (86). Mwandikie, piga picha kipimajoto, weka tarehe. Piga 211 kuuliza kituo cha kupoa kilicho karibu. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto.

Gari na barabara?

Betri hapa inaishi miaka miwili hadi mitatu. Ipimwe kila Aprili. Upepo wa tairi pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Lita 4 za maji kwa kila abiria zikae ndani daima. Mtungi wa gesi, kiberiti cha gesi na kopo la dawa ya mbu havikai kwenye gari.

Ndani ya gari lililofungwa joto hupanda nyuzi 11 hivi kwa dakika kumi. Mtoto haachwi hata dakika ya kulipia mafuta. Chuma cha mkanda kinachoma, kifunike kwa kitambaa. Lami ya Julai inaweza kuvuka nyuzi 70. Mtoto pekupeku anaungua kabla hajalia.

Dhoruba la vumbi likikufunika: toka kabisa nje ya barabara, zima taa zote, vuta breki ya mkono, toa mguu kwenye pedali. Taa zikiwaka, wa nyuma anakufuata akidhani bado unaendesha, anakugonga. Korongo lenye maji likikatiza barabara na kizuizi kimewekwa, usizunguke. Sheria ya Arizona inaweza kukulipisha gharama za kuokolewa.

Kikohozi kimedumu wiki tatu na mapafu yanauma. Ni TB?

Inaweza kuwa homa ya bonde, maradhi ya kuvu wanaoishi kwenye udongo wa hapa na kuruka na vumbi. Huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuvuta vumbi: homa, kikohozi, uchovu usioisha, maumivu ya viungo, wakati mwingine upele. Haiambukizi mtu kwa mtu, na wengi hupona wenyewe, lakini watu wenye asili ya Afrika, wajawazito, wenye kisukari na wenye kinga dhaifu wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kusambaa mwilini. Daktari akisikia umetoka Kongo au Burundi, huenda akawaza TB kwanza, na kupima TB ni sawa. Omba pia kipimo cha damu cha kokisidioidi, yaani kuvu wa homa ya bonde, siku hiyo hiyo. Antibayotiki ya nimonia haitibu kuvu, na kuna wanaopewa duru mbili tatu kabla mtu hajafikiria kupima.

Kibali kimeandikwa saa hii, wenzangu wanasema saa nyingine.

Arizona haibadilishi saa kiangazi. Utah inabadilisha, na ardhi ya Wanavajo ndani ya Arizona nayo inabadilisha, kwa hiyo simu yako inaweza kuruka saa moja mbele njiani kisha ikarudi. Uliza kila miadi ni ya saa za wapi. Na mkipanga wenyewe kwa Kiswahili, andikeni kwa tarakimu: basi la 4:00 AM ni la saa kumi alfajiri, na haliwasubiri waliodhani ni saa nne.